Mizizi Kwenye Uji wa Masanja

Mwanangu, hebu kaa hapa kwanza, simu weka pembeni. Kuna asubuhi moja hainitoki kichwani, na tangu uliponiambia kesho unaanza vidonge vya kukusaidia kuacha bangi, inanirudia hata nikiwa mezani.

Nilikuwa kijana, tunaishi Mkolani. Mdogo wangu Masanja, huyo huyo baba yako mdogo anayekutania kila Jumapili, alikuwa anapakua dagaa mwaloni, kule ziwani mitumbwi inakotia nanga, na kuvuta bangi kutwa nzima. Alipoamua kuacha, lo! Jasho, hasira, chakula hataki, usingizi hapati. Hospitali moja mjini walikuwa wakijaribu dawa ya kuwatuliza watu kama yeye, wakamchukua. Sharti lao lilikuwa asiguse dawa nyingine yoyote.

Mama alimwona mwanawe anavyohangaika, akashindwa kuvumilia. Akachemsha mizizi ya usingizi aliyoachiwa na bibi, akachanganya kwenye uji bila kumwambia mtu. Masanja akalala. Tulifurahi, jamani! Asubuhi tunamwamsha, haamki. Anapumua kwa mbali tu.

Tukamkimbiza na bajaji hospitali ile ile. Daktari, binti mdogo kabisa, akauliza, "Kuna dawa nyingine ametumia?"

Nikajibu hapana, maana sikujua. Kumbe mama pembeni amekunja kitenge mkononi. Aliogopa aibu, aliogopa mwanawe ataondolewa kwenye majaribio.

"Mimi nimempa, mwanangu," akamwambia daktari. "Mizizi. Kwenye uji. Yeye hajui."

Daktari hakumgombeza. Alisema, "Asante, mama," akawaita wenzake mbio mbio. Masanja alizinduka jioni. Kwenye majaribio walimtoa kweli, na bangi aliiacha baadaye, kwa taabu kubwa. Lakini si unamwona? Yuko hai, na kelele zake.

Basi nisikilize. Ukifika hospitali kesho, sema kila unachokula na unachokunywa. Ukivuta tena kwa siri, sema. Usingizi ukikataa, wapigie simu madaktari kwanza, siyo mganga wala jirani mwenye huruma. Nakuogopea, mwanangu, sikufichi, na sasa ndiyo namwelewa mama. Hata mimi nikikuletea uji, niulize nimetia nini kabla hujanywa. Sitakasirika.

Mungu akupe usingizi, mwanangu, na asubuhi tukikuita, uitike.