Okidi za Kinamasini

Harufu ya matope mabichi ikinipata hapa Kitengela, namkumbuka mama akiwa kinamasini, maji yamemfika magotini. Jirani yetu alikuwa amechimba mtaro kukausha kinamasi apande nyanya. Aling'oa okidi zote za mwitu, zile za maua meupe ambazo mama alikuwa akizipeleka kwenye kaburi la dada yangu mdogo.

"Hayo ni magugu tu, mama," jirani alimwambia akicheka.

Mama alingoja nyanya zianze kuiva, kisha akauziba mtaro kwa mawe niliyombebea. Shamba lote likafurika, nyanya zikaoza.

Jirani alikuja akifoka. Mama akamwambia, "Maji yamerudi kwao."

Jirani alipoondoka, mama alininawisha miguu huku akiimba, mara ya kwanza tangu tumzike mtoto.