Bibi Alipokwenda Kuomba

Mwezi uliopita nilipanda basi Ngara kwenda Biharamulo, na tulipokaribia mahali kilipokuwa kijiji chetu cha ujamaa nikamwomba konda anishushe. Akanishangaa. “Mama, hapa hakuna kituo.” Kweli, mwenzangu, hakuna. Zile nyumba zetu zilizopangwa mstari kando ya barabara zimeisha zote, watu walisharudi kwenye mashamba yao ya zamani. Nilisimama kwenye majani marefu, nikatafuta kwa macho ulipokuwa uwanja wa nyumba yetu na ule wa jirani. Nikacheka peke yangu, halafu machozi yakanitoka.

Tulihamishiwa pale wakati wa operesheni, mimi nikiwa mdogo. Tuliacha migomba yetu mlimani, tukaacha na kanisa letu la matope lenye harufu ya nyasi mbichi. Migomba mipya ilikataa kukua upesi, kwa hiyo tulikula viazi vitamu asubuhi, viazi vitamu jioni. Halafu vita vikaja. Chumvi ikapotea dukani, sabuni ikapotea, viberiti vikapotea, na alfajiri tulitumwa tukiwa na kigae kwenda kuchukua kaa la moto kwa yeyote ambaye jiko lake halijazimika. Mwalimu wa dini naye akaenda vitani. Jumapili zikawa kimya, na hata watu wazima wakawa hawaimbi tena wanapolima.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kisukuma, aliyefika na mumewe kutoka upande wa Shinyanga. Mume alikuwa ameshafariki, akabaki na kijana mmoja tu. Kijana huyo alikuwa na mbinja kali, ukimsikia anarudisha ng’ombe unajua ni saa ya kuinjika chungu. Akachukuliwa na mgambo, akaenda mstari wa mbele vitani. Wenzake wawili waliporudi kwa lori wakasema walipotezana naye, hawajui zaidi. Tangu siku hiyo mama yule akajilaza. Mvua za kwanza zilinyesha, kila mtu akakimbilia shambani, jembe lake likabaki ukutani. Mama yangu alimpelekea uji, akaukuta kesho yake umechachuka palepale. Akasema, “Huyu mama anajiua, na msimu ukipita hana hata punje ya kutia mdomoni.”

Mama alimwambia twende tukasali kwetu. Akajibu bila hata kuinua kichwa, “Mungu wenu si mlimwacha kule mlimani?”

Bibi yangu, mama yake baba, aliambiwa maneno hayo. Jioni akaniita. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na yeye na yule jirani hawakuwa na lugha nyingine ya kusemezana. Akaniuliza lile neno letu la Kihangaza la kumwita Mungu wanasemaje kwa Kiswahili. Kwetu kumwita Mungu na kutaka kitu kwa mtu ni maneno mawili mbalimbali kabisa. Mimi, msomi wa darasa la nne, nikajibu kwa majivuno: “Kuomba.”

Asubuhi bibi akajifunga kanga yake safi, akaenda. Nilimsikia mwenyewe: “Hodi! Nimekuja kuomba.”

Jirani akajikokota ndani, akatoka na kibakuli cha unga wa mtama. Bibi alishangaa kidogo, lakini kukataa chakula ni matusi, akapokea. Akafumba macho palepale uani, kibakuli mkononi, akasali kwa Kihangaza. Jirani akadhani anashukuru. Nyumbani bibi akatuambia, “Wasukuma wana desturi nzuri. Ukienda kwao kusali wanakupa unga.” Jioni akamrudishia maharage.

Ikawa kila siku. Shuleni wakaanza kuniimba: “Bibi yako ombaomba!” Jamani, aibu niliyoipata! Nilishajua kosa langu, ila kumwambia bibi sikuthubutu, angenicharaza na ningestahili. Nikavumilia karibu wiki tatu. Halafu asubuhi moja nikipita kwenda shule nikamwona jirani shambani, jembe mkononi, mwembamba kama fito, anachimba mashimo ya mahindi. Nikasimama nikamwamkia, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwambie bibi yako unga umekwisha, asinichukie. Napanda. Mzee wa watu ana njaa, nitamwachaje?”

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote: bibi hana njaa, anakuja kusali, neno nimempa mimi.  Jirani akaegemea jembe akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo, na kicheko kikageuka kilio ambacho nadhani alikuwa amekifungia siku zote zile. Sikwenda shule siku hiyo. Nilibaki kumfukia mbegu.

Kesho yake bibi alipopiga hodi, jirani alitandika mkeka. “Leo kaa, mama. Omba hiyo yako ya Mungu.” Bibi hakuelewa kilichobadilika, akaomba. Alipomaliza, jirani akamshika mkono.

“Mama, mwanangu atarudi?”

Nilitamani bibi aseme ndiyo. Nilimwomba Mungu amtie neno hilo mdomoni.

“Sijui,” bibi akasema. “Mungu harari, mama, hasinzii. Lakini hiyo sijui. Kesho nitakuja.”

Akaenda kesho, na kesho yake, mpaka mahindi yakabeba. Kijana hakurudi, wala hapakuja barua. Lakini jirani alivuna, na mwaka uliofuata ndiye aliyekuwa akizunguka na wimbo wake wa Kisukuma kuwaita watu kwenye ibada iliyoanza tena, akipita kwa wale waliofungiwa ndani na huzuni zao. Aliingia bila kuhubiri. Alikaa tu.

Mimi nimekuwa muuguzi, sasa nimestaafu. Nimesimama kwenye vitanda vingi, nimesali na watu wengi kwa Kiswahili fasaha, na nimewaambia wengi “utapona” huku macho yangu yakitafuta mlango. Wengine walijua, niliona walivyojua. Kusema sijui sikuweza, kwa sababu anayesema hivyo inambidi kesho arudi.