Asimguse Mtoto

Tangu biashara ya dhahabu ichanganye, vibanda vya video hapa Nkende havina nafasi. Jumamosi mchana nilibanwa humo katikati ya wachimbaji, tukitazama filamu ya askari mstaafu anayelipiza kisasi. Vichwa vilipasuka, matumbo yakamwagika, vijana wakapiga miluzi. Mwishoni jamaa akarudi kwake, damu mpaka kwenye viwiko, akatanua mikono amkumbatie binti yake.

"Asimguse mtoto!"

Mzee wa benchi la mbele alikuwa amesimama, kiganja juu kama trafiki.

"Mzee wetu, hiyo ni filamu tu," kijana mmoja akamwambia huku akicheka.

"Najua ni filamu. Mimi niliporudi kutoka vita vya Uganda, mama mzazi alinizuia langoni. Nililala nje ya boma mpaka wazee walipokuja kunitakasa damu ya niliowaua. Mwanangu nilikuwa namtazama ng'ambo ya ua. Huyu hata kunawa hajanawa!"

Mimi niko upande wa mzee. Wenye filamu yao walipata damu ndoo kwa ndoo. Maji ya kunawa ndiyo yaliyowashinda.