Kumwimbia Baba Mdogo Landover

Baba mdogo alitaka achomwe. Alituambia mwenyewe, akiwa bado na nguvu za kubishana, kwamba hataki watu wachangishwe ili mwili wake utolewe Marekani urudishwe Moshi. "Nikiwa hai hamjawahi kunipatia tiketi ya bei nafuu," alisema. "Nikifa ndiyo mtaipata?"

Alipofariki, kazi ya kutafuta mahali iliniangukia mimi, msomi wa ukoo. Niliifanya kama ninavyonunua matairi: nilipiga simu Maryland na Virginia, nikaulizia bei, nikajifanya nimeshapata nafuu kwingine. Mwishowe nikapata kampuni ndogo Landover, katikati ya maghala. Huduma yao ya chini kabisa ilikuwa hii: wanauchukua mwili hospitali, wanauchoma, wanakurudishia jivu. Hakuna ibada, hakuna kuaga. Nilijiona hodari.

Nilikwenda Beltsville kumweleza mama mdogo, mjane wake. Kuchomwa alishakukubali, kwa kuwa mumewe ndivyo alivyotaka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na nani atamwimbia?"

"Tutaimba kanisani, jivu likisharudi."

"Jivu linasikia?"

"Mama mdogo, hata maiti haisikii."

"Wewe umesoma sana, mwanangu," alisema, akaendelea kukata vitunguu. Hakunitazama tena mpaka naondoka.

Nikarudi kwenye simu, safari hii bila ujanja. Wakasema ndugu wawili wanaweza kuingia kwa dakika chache kuutambua mwili, kabla haujapelekwa kwenye tanuri. Nikampa mama mdogo habari hizo. Yeye akampa mwanakwaya mmoja tu.

Siku ya kuchoma ilipofika, mimi na mama mdogo tulikuta maegesho yamejaa. Kwaya nzima ilikuwa imesimama kati ya duka la vigae na gereji, wengine wametoka Woodbridge alfajiri, na masufuria ya pilau kwenye buti za magari, maana kwetu hakuna anayejua kwenda msibani mikono mitupu. Mhudumu aliyetufungulia mlango aliwatazama wao, kisha akanitazama mimi niliyeahidi watu wawili. Nikageuka kuwaomba radhi.

"Shida hakuna, papa," alinikatiza mwanakwaya mmoja, Mkongomani. "Sisi tutabakia hapa inje. Ukuta ni mwembamba."

Ndani, baba mdogo alikuwa amelala kwenye sanduku la karatasi ngumu, amefunikwa shuka hadi kifuani. Mama mdogo alimpangusa paji la uso kwa kiganja, kama anayemfuta vumbi. Ndipo wimbo ukaanza nje, mdogo, unapenya ukutani. Mabega yake yakashuka.

"Imba na wewe."

"Sijui maneno."

"Unayajua. Alikuwa anauimba kwenye gari kila Jumapili, na wewe umekaa nyuma umenuna."

Nikaimba. Mhudumu, aliyekuwa akitazama saa, alitoka akafungua mlango wa nje, akauzuia kwa kiti usijifunge. Sauti zote zikaingia, za juu na za chini, na nyingine zisizo za popote, yangu ikiwa miongoni mwa hizo. Ubeti wa pili nilijiachia kabisa. Mama mdogo akanigusa mkono.

"Punguza, mwanangu. Unawapoteza wenzako."

Nikapunguza. Walipofika mwisho alilivuta lile shuka likamfunika baba mdogo uso, akalinyoosha mikunjo, kisha akamwambia mhudumu, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba sasa anaweza kumchukua.