Shingo ya Luciana Si Uchafu

Saa moja na nusu asubuhi, Marietha Gabrieli anawasha taa ya spiriti. Ni mhudumu pekee wa zahanati ya kijiji cha ujamaa chenye watu elfu mbili na mia nne, kilomita kumi na moja kutoka Ikungi. Hakai kitini. Anachungulia dirishani, anarudi mezani, anachungulia tena.

Anamsubiri mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Antipasi, aliyempa mpaka leo aandike barua kwamba Luciana, binti wa miaka kumi, ni mnene kwa shibe tu. Baba yake, Ignas, anatunza ghala la unga wa msaada. Mwaka huu wa njaa, watoto wengine mbavu nje, kilo hamsini na tatu za Luciana zimekuwa ushahidi wa wizi. Kamati ya kijiji imekwisha kuikatia nyumba yao posho ya unga.

Marietha hasahau. Mwaka jana lori la operesheni ya kuhamishia watu vijijini liliwashusha wanakijiji hapa, mtama wao ukiwa shambani kule walikotoka. Wote ukaliwa na ndege, na hakuna kamati iliyokaa kumtafuta mwizi.

Msimu huohuo surua iliwachukua wadogo wawili wa Luciana. Tangu hapo mama yao, Cecilia, humpa aliyebaki ugali wake yeye mwenyewe. Mtoto akilalamika amechoka, hupewa kikombe cha asali ya mizinga ya Ignas, apate nguvu.

"Wamwangalie mama," anajisemea Marietha dirishani. "Amekuwa kama fito. Mke wa mwizi wa unga anakuwa hivyo?"

Cecilia anaingia na binti yake. Shingo ya Luciana ina mkanda mweusi, na umechubuka. Kila jioni mama anaisugua kwa dodoki, maana wenzake wanamcheka hajui kuogesha.

"Acha kumsugua, mama Luciana. Sijui bado ni nini, lakini si uchafu."

Anashuku kisukari, na anamweleza alichofundishwa kozini. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, na hiyo ndiyo huifungulia sukari njia iingie mwilini. Mwili ukinenepa kupita kiasi, insulini hiyo haisikilizwi tena. Kongosho hutoa zaidi na zaidi, mpaka linachoka. Sukari hujaa kwenye damu na kumwagika kwenye mkojo. Ndiyo maana mtoto anakunywa maji mtungi mzima, na bado hana nguvu.

"Na asali?" anauliza Cecilia.

"Asali basi. Kuanzia leo."

Cecilia anakaa chini sakafuni.

Mwenyekiti anafika na wajumbe wawili. Marietha anachukua dawa ya buluu ya kupimia sukari, iliyobaki kimo cha vidole viwili tu chupani, anaimimina kidogo kwenye kijichupa, anaongeza matone manane ya mkojo wa Luciana na kuchemsha. Inakuwa kijani, njano, kisha nyekundu kama tofali: sukari tele.

Ndugu Antipasi anacheka. Anasema hata maji ya kisima yangegeuka rangi humo.

"Basi lete wako, Ndugu Mwenyekiti."

Wajumbe wanaangua kicheko. Mwenyekiti hana pa kukwepea, anakwenda chooni. Mkojo wake unachemka mpaka unatoa povu, na dawa inabaki buluu.

Kicheko kinaisha. Marietha anasogeza barua aliyoiandika tangu jana, ya kumpeleka Luciana hospitali ya Singida. Mwenyekiti anaisoma mara mbili, anagonga mhuri. Kuhusu posho, anasema, kamati itakaa.

"Ikae leo," anajibu Marietha. "Huyu mama hajala, ugali wake anampa mtoto."

Ijumaa lori la alizeti litapita kuelekea mjini, na Marietha atapanda na mtoto na mama yake. Anataka Luciana aanze dawa mapema, na yeye arudi na chupa mpya ya dawa ya buluu awapime watoto wengine wanaoshinda kisimani kwa kiu.

"Tutakaa juu ya magunia," anasema, akizima taa. "Daktari akiniuliza mtoto huyu mnene anatoka nyumba gani, nitamwambia nyumba ya njaa. Asiponielewa, amwangalie mama yake, atakuwa amesimama pale pale."