Shura ya Baba Nekesa

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilijua neno moja ambalo watu wazima wa nyumbani kwetu hawakulijua, na nikalificha mpaka likamponza aliyenifundisha. Neno lenyewe ni shura. Hata leo nikilitaja hapa Kampala, watu hunitazama tu.

Tulikaa kwenye makazi ya polisi upande wa Luzira, tuliyoyaita laini, katika kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho watu hukiita mama ingia pole, kwa sababu mlango wake ni mfupi na lazima uiname. Joto la humo mchana nisiseme. Nyama ya asubuhi ilianza kunuka kabla ya jua kuzama, na friji tulikuwa tukiziona madukani. Ndiyo maana mama aliipenda nyama ya Baba Nekesa.

Baba Nekesa alikuwa Mkenya wa kutoka Bungoma, mwenye bucha ndogo kando ya barabara ya Port Bell, na alipanga chumba kwenye nyumba ya raia mmoja nyuma ya ua wetu. Binti yake Nekesa alikuwa rafiki yangu. Tulishinda pamoja mpaka mama akawa ananiuliza kama nimehama. Kabla ya kuja Uganda, Baba Nekesa alifanya kazi kwenye kiwanda cha soseji Nairobi, na huko alijifunza kuloweka nyama ya ng'ombe kwenye ndoo ya maji ya chumvi kwa siku kadhaa. Nyama hiyo ilikaa wiki nzima bila kuharibika. Wake wa askari waliigombania.

Siku moja alinikuta nachungulia ndoo. Hakunifukuza. Alifungua karatasi ya kaki, akanimwagia mkononi punje chache nyeupe.

"Lamba kidogo tu."

Nililamba. Ilikuwa na ladha ya chumvi na uchungu kidogo, na ulimi ulipata ubaridi.

"Inaitwa shura," alisema. "Si chumvi ya kula hii. Ukizidisha inakuwa sumu, ndiyo unaona napima na kijiko cha chai. Inafanya nyama isioze, na hata ukichemsha inabaki nyekundu. Wazee walikuwa wanaikwangua kwa ukuta wa zizi. Wakulima wanaitia kwa shamba kama mbolea. Na wale wa zamani, Atim, walikuwa wanatengeneza baruti nayo."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikaa kichwani. Baba yangu alikuwa polisi. Watoto wa laini tulijua kabisa kwamba mtu akikutwa na risasi au baruti anaondoka kwenye gari la polisi, na gereza kubwa halikuwa mbali na kwetu. Nilikwenda nyumbani na siri moyoni, nikampenda Baba Nekesa zaidi kwa kunipa.

Haukupita muda, bibi akaja kutoka Lira. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi, mkali, ambaye mbele yake hata baba alivua kofia. Mama alimpikia nyama ya Baba Nekesa kwa heshima. Bibi aliketi jikoni akaitazama sufuria muda mrefu, kisha akachoma kipande kwa kisu.

"Hii nyama nakaa kwa moto tangu asubuhi," alisema. "Angalia. Bado nyekundu."

"Iko hivyo, mama," mama alijibu. "Tunakula siku zote."

"Mnakula siku zote!" Bibi alisukuma sufuria. "Kwetu nyama nakataa moto, kuna mtu alifunga na dawa. Mwenye kula, damu yake ndio nalipa. Na hiyo kitu naanza na mtoto mdogo."

Mtoto mdogo alikuwa Okot, mdogo wangu wa miaka mitatu, na alikuwa ameshakula vipande viwili. Kesho yake alishikwa na homa. Alitetemeka, akatapika, macho yakamgeuka. Mama alimbeba mbio kwenda kliniki, na kabla hajarudi laini yote ilikuwa imesikia kwamba bibi ya Atim alisema, na imekuwa. Wanawake wakatoa nyama kwenye masufuria yao wakaenda kuitupa mlangoni kwa Baba Nekesa. Niliona kwa macho yangu. Nekesa alikuwa amesimama kando na ndoo tupu mkononi.

Jioni ile Baba Nekesa alikuja kwetu mwenyewe. Aliinama, akaingia. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado yuko kwenye sare. Mama alikuwa amempakata Okot kitandani, na bibi ameketi kando yao.

"Afande, mimi si mchawi," Baba Nekesa alisema. "Ile naweka kwa nyama ni shura. Tulikuwa tunatumia kiwandani. Mimi sifichi. Hata huyu mtoto wako nilimuonyesha, nikamwekea kwa mkono. Atim, mwanangu, waambie."

Wote wakanigeukia. Nami niligundua jambo moja: hakutaja baruti. Alitaja nyama, akataja kiwanda, akaishia hapo, mbele ya polisi. Kwa akili yangu ya miaka tisa nikaelewa kwamba ananiomba nimfichie. Nikiikubali shura, baba atauliza kazi zake zote, nami nitazitaja, na Baba Nekesa ataondoka kwenye lile gari.

"Sikuona kitu," nilisema.

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Bibi akasema, "Umesikia." Baba Nekesa akatoka bila kuaga. Wiki haikwisha mwenye nyumba akamtoa, na Nekesa aliondoka bila sisi kuonana.

Okot alipona. Ilikuwa malaria, nilikuja kujua nilipokua. Kwa miaka mingi nilibeba jambo hili peke yangu. Nilijiona mimi ndiye niliyemfukuza yule mtu, kwa upendo wa kijinga. Mwaka jana, mama alipokuja kukaa kwangu Mengo, nilimweleza yote. Nilitaka anikaripie au anisamehe, lolote.

Aliendelea kuchambua mchele.

"Kliniki walipima damu," alisema. "Siku ile ile. Karatasi ya malaria ilikuwa kwa mfuko wangu wakati yule mtu amesimama pale."

"Na hukusema?"

"Ningemwambia mama mkwe ni mwongo, mbele ya mtoto wake? Na baba yako nilimuonyesha mlangoni, kabla hajaingia. Alisoma, akanirudishia."

Nimelifikiria jambo hilo sana tangu siku hiyo. Baba alikuwa na sare na karatasi ameisoma, mama alikuwa nayo mfukoni, na mimi nilikuwa na neno. Kila mmoja wetu angeweza kumwokoa Baba Nekesa kwa sentensi moja. Katika kibanda kile, jioni ile, aliyesema alichoamini kuwa kweli, mbali na Baba Nekesa, alikuwa bibi peke yake.