Kona Ambayo Relvie Hafagii

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya mji wa Lae bado haijaamua kama inakoma au inaendelea. Relvie Siune anaweka ndoo chini, anatoa ufunguo, lakini hafungui mlango. Kwanza anabisha hodi.

Anasubiri kidogo, kama mtu mwenye adabu aliyesimama mlangoni kwa mkwewe. Kisha anafungua.

Ndani ya ukumbi huu wa mpira wa kikapu hakuna mtu. Kuna vitanda mia mbili vya chuma, safu baada ya safu, na karibu magodoro yote bado yamo ndani ya nailoni kama yalivyotoka dukani. Feni za darini zinazunguka mchana na usiku kwa sababu fundi aliyezifunga aliondoka bila kumwonyesha mtu swichi. Upepo ukipita juu ya magodoro nailoni hulia, na mgeni hugeuka haraka kutazama ni nani aliyejigeuza kitandani.

"Utazoea," anasema Relvie. "Mimi nabisha ili nisimshtue."

Usimshtue nani?

"Mdogo wangu."

Relvie ana miaka arobaini na sita. Amefanya usafi hapa tangu enzi ambazo ukumbi ulikuwa wa mechi na harusi, na analipwa kina mia mbili themanini, fedha ya hapa, kila baada ya wiki mbili, hela inayolisha watu watano nyumbani kwake. Anafagia upesi, mgongo umeinama, ufagio wa njiti za mnazi ukikwaruza sakafu. Anamaliza safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka anafika chini ya goli la upande wa mashariki. Hapo anasimama.

Kwenye kona ile kuna kitanda kimoja kisicho na nailoni. Chini yake vumbi limelala, la wiki nyingi, laini na la kijivu.

"Hapo bado," anasema, na anakizunguka.

Mwaka ule ugonjwa ulipoingia, serikali ilifunga barabara ya kwenda milimani, ikafunga soko, ikapiga marufuku kuuza popoo za kutafuna kwa kuwa walaji wake hutema mate mekundu hovyo. Askari walimwaga mafungu ya popoo kwenye matope na kuyakanyaga. Wiki hiyohiyo malori yalianza kushusha vitanda ukumbini, na ubao mkubwa ukasimamishwa nje ukitaja gharama. Mvua imekwisha kuifuta tarakimu. Sasa kila mtu ana tarakimu yake, na kila mwezi inaongezeka sifuri.

Wagonjwa waliolala humu hawakufika ishirini. Vitanda vingine vyote vilibaki vinangoja.

Watu waliona, na watu si wajinga. Mama Apalu, muuza popoo mwenye sauti inayovuka barabara mbili, hakumwacha Relvie apite salama, hata soko likiwa limefungwa.

"Eti Relvie, vitanda vyenu vimeshaota mimba? Maana vinalala vyenyewe!"

Wenzake wakacheka. Mwingine akadakia: "Mwacheni, huyo ni mtu wa serikali. Korona ndiyo inayomsomeshea watoto."

"Korona gani?" Mama Apalu akauliza. "Hakuna korona. Kuna watu wana njaa ya hela, basi."

Relvie alikuwa akicheka nao. Alikuwa na hasira kama zao, labda kuwazidi, maana wao walivihesabu vile vitanda kwa kusikia na yeye alivipangusa kimoja kimoja. Ila ilipofika zamu ya nyumba yake, ule mzaha ukamgeukia.

Mdogo wake, Gande, naye alikuwa akiuza popoo. Soko lilipofungwa aliuza kwa kujificha, ndani ya koti, mvua ikimpiga. Akaanza kukohoa. Siku aliyoshindwa kupanda ngazi ya nyumba walimleta ukumbini, wakamlaza chini ya goli la mashariki, na Relvie akawa anamfagilia chini ya kitanda, uso umefunikwa, hana ruhusa ya kumgusa.

"Alikuwa ananitania," anakumbuka. "Ananiambia, 'Dada, leo umenifagia vizuri, kesho nipige na deki.' Hata pumzi hana, lakini utani anao."

Alifariki asubuhi ya siku ya nne. Watu waliovaa mavazi meupe ya nailoni walimtoa kwa mlango wa nyuma, wakamzika wao wenyewe mahali ambapo ndugu walizuiwa kwenye uzio. Kabla Relvie hajakaa chini alie, msimamizi wake, Aisak Yaling, alimfuata na ndoo.

"Wakubwa wanakuja kupiga picha," alimwambia bila kumtazama. "Fagia pale, dada yangu. Piga na dawa. Nisamehe."

Akafagia.

Kwa watu wa Simbu, huko milimani alikozaliwa Relvie, hilo ndilo kosa. Mahali mtu alipokatia roho hapaguswi na ufagio mpaka matanga yaishe. Ndugu lazima waje wamejipaka udongo, wamlilie palepale, wajomba wamwite kwa jina, ndipo pafagiwe. Ukitangulia kufagia umezifuta nyayo zake. Hatajua alilala wapi wala mlango uko upande gani.

Na matanga hayakuwapo. Mikusanyiko ilikuwa marufuku, barabara ya milimani imefungwa, wajomba wako upande wa pili wa kizuizi. Majirani nao hawakuja hata kusimama mlangoni. Wangemliliaje? Walikwisha kusema ugonjwa ni uongo, na aliyekufa kwa uongo hana kilio.

"Jirani aliniuliza, 'Gande kasafiri?'" Relvie anasema. "Anajua. Ananiangalia usoni, ananiuliza kasafiri."

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Hawakuiwazia serikali ambayo ingekipiga marufuku kilio chenyewe.

Wiki mbili baada ya mazishi, ukumbi ukiwa umebaki mtupu, Relvie alikuta godoro moja kwenye safu ya pili limebonyea. Nailoni haikuchanika. Ilikuwa imekunjamana katikati, na juu kidogo, mahali pa kichwa, palikuwa na shimo dogo. Akadhani ni paka. Akapiga godoro, likainuka.

Kesho yake lilikuwa la safu ya tano. Keshokutwa, la karibu na choo.

Alimwita Aisak. Aisak ni mtu wa pwani na mzee wa kanisa, hapendi maneno ya mizimu. Alilitazama godoro kwa muda, akaweka kiganja chake kwenye bonde lile, akakiondoa upesi.

"Ni joto," alisema.

"Joto la nini?"

"Nimesema ni joto, basi. Fagia."

Tangu siku hiyo Aisak haingii ukumbini peke yake. Huwa anasimama mlangoni na kupiga kelele za kazi kutokea huko.

Relvie alifagia na kufagia. Kila asubuhi bonde lilikuwa kitanda kingine, leo huku, kesho kule, bila mpango, mara nyingine vitanda viwili vimepakana, kama mtu aliyekaa hapa, akaona si hapa, akahamia cha pili. Anasema hakuwa na hofu. Alikuwa na aibu. Usingizi ulimpotea, akawa anakuja kazini mapema ili awahi kuyapiga yale magodoro kabla mtu hajayaona.

Mjomba mtu, Mzee Kawage, alimpigia simu kutoka milimani siku mtandao ulipokubali.

"Ulimlilia?"

"Walinikataza, mjomba."

"Hilo najua, hata sisi wametukataza. Nakuuliza, palifagiwa?"

Relvie akahamishia simu sikio la pili.

"Nani kafagia?"

"Mimi, mjomba. Ndiyo kazi yangu."

"Basi unamzungusha mwenyewe," Mzee Kawage akasema taratibu. "Kila siku akipata njia, wewe unaifuta. Acha ile kona yake, mama. Iache ichafuke. Sisi tutakuja."

Kuiacha kona ichafuke si jambo dogo kwa mtu wa usafi. Mkaguzi mmoja kutoka ofisi ya mkoa alipitisha kidole kwenye chuma cha kitanda, akaandika jina la Relvie, akamwambia Aisak kwamba akirudi na kulikuta vumbi lile, mwanamke huyu aondoke. Nyumbani watu watano wanakula. Relvie hakufagia. Mkaguzi aliporudi, Aisak alimpeleka kuangalia vyoo, akamzungusha huko mpaka akachoka na kuondoka.

Vumbi likatanda. Na taratibu lile bonde likaanza kurudi. Likatoka safu ya tano, likaja ya saba, likaja ya tisa. Asubuhi moja Relvie aliingia, akakuta vitanda vyote vimenyooka. Kitanda cha chini ya goli la mashariki tu ndicho kilichobonyea. Vumbini, mbele ya kile kitanda, palikuwa na alama za vidole vitano vya mguu.

"Nilikaa sakafuni nikacheka," anasema. "Nililia baadaye."

Mwezi huu mambo yamefika mwisho. Serikali imetangaza ukumbi unarudi kwenye michezo, na vitanda vinachukuliwa Jumamosi kwenda ghala ambalo hakuna anayelijua. Barabara ya milimani na soko vimefunguliwa. Mikusanyiko bado mwisho watu kumi. Relvie alikuwa na wiki moja ya kumtoa ndugu yake, la sivyo kitanda kingebebwa pamoja naye.

Juzi Jumanne, saa tatu asubuhi, Mzee Kawage na watu wake wanane walishuka kwenye lori, wakajipaka udongo mweupe kichwa hadi miguu, wakatembea katikati ya soko bila kusema neno. Wateja wakaacha kununua. Watu weupe kwa udongo, mchana kweupe, katika mji ambao haukuwa umesikia kilio cha wazi kwa muda mrefu hivyo.

Mama Apalu ndiye aliyepata sauti. "Nyie! Mnaenda kuigiza wapi?"

"Tumemfuata mtoto wetu," Mzee Kawage akamjibu. "Mlisema hakufa. Sasa tuonyesheni alipo."

Mama Apalu alitema popoo iliyokuwa mdomoni. Kisha aliacha meza yake bila mtu wa kuiangalia, akawafuata. Wenzake wakamfuata yeye. Walipofika ukumbini walikuwa mara nyingi zaidi ya wale kumi wanaoruhusiwa, na mlango wa ubavuni ulikuwa wazi.

"Mimi sikuona kitu," Aisak anaapa hadi leo. "Nilikuwa chooni."

Wajomba walikizunguka kitanda cha Gande, wakamwita. Wakalia kwa sauti ile ya milimani inayoanza chini tumboni. Wanawake wa soko walikuwa wamesimama mlangoni, macho yao yakipita juu ya vile vitanda ambavyo miezi yote walivitania bila kuviona. Vingi kiasi kile, vyote vipya, na hakuna aliyelazwa juu yake.

Mama Apalu akaenda kwenye kitanda cha safu ya tatu. Akaichana nailoni kwa kucha, akaketi, akaliita jina la mumewe. Mumewe alifia nyumbani mwezi uleule wa Gande, akikohoa vilevile, akazikwa na watu kumi, na yeye aliwaambia watu ni malaria.

"Nilisema ni malaria," alilia. "Jamani, nilisema ni malaria!"

Kisha nailoni zikaanza kuchanika ukumbi mzima. Kila mwanamke na kitanda chake, kila kitanda na jina lake. Hela yote ile ilikuwa imewanunulia vitanda, na hatimaye vikapata watu. Relvie anasema kilio kilikuwa kikubwa hata feni hazikusikika, na alipotazama juu aliziona zimesimama. Mpaka leo hazijazunguka tena, anasema.

Hapana, zinazunguka. Zilirudi jana, anajisahihisha. Zilisimama siku ile tu.

Asubuhi hii, Alhamisi, mvua imekoma. Mzee Kawage ameketi kwenye benchi la wachezaji, udongo umekauka na kupasuka usoni. Vitanda vingi sasa vina nailoni iliyochanika, na Relvie amevipita vyote akipiga magodoro kwa kiganja, kila kimoja na jina alilolisikia juzi. Amebakiza kona.

"Sasa fagia, mama," Mzee Kawage anamwambia.

Anafagia polepole, kutoka ukutani kuja nje, asiache hata punje. Vumbi haliendi kwenye ndoo. Analikusanya juu ya jani pana jekundu la mmea wa tanget, analikunja, analifunga kwa kamba, analitia ndani ya bilum, ule mfuko wa kufuma wanaojitwika wanawake wa kwao. Mfuko unashuka mgongoni kwa uzito ambao vumbi halina. Relvie anasogeza kamba ya kichwani, anasimama vizuri.

Ameomba ruhusa ya wiki mbili bila malipo. Kesho alfajiri wanapanda milimani, kumlaza Gande kwenye shamba la viazi vitamu la baba yao. Akirudi anataka kazi yake aikute, na mechi zimeanza, na watoto wanapiga kelele.

Nauli ni kina hamsini kwa mtu. Jana alipokwenda kukata nafasi alilipa za watu wawili. Dereva, kijana wa hukohuko milimani, alihesabu, akatazama nyuma yake, akamwona yuko peke yake na mfuko mtupu.

"Mwingine yuko wapi, shangazi?"

"Yuko kazini kwangu. Nitakuja naye."

Dereva alimkatia nafasi mbili za mbele, na ya tatu iliyopakana nazo akakataa kumuuzia mtu. Alisema ana mama yake ambaye naye bado hajafika nyumbani.